Mkono haufiki kisogoni: nirudi kwenye mazoezi au niendelee kuchuliwa?

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa miaka 53, nakaa Makorora hapa Tanga. Kazi yangu ni mahamri na mbaazi za nazi. Naamka saa tisa na nusu usiku, nakanda unga, nakuna nazi, na jua likichomoza wateja washajaa barazani. Kazi hii naifanya mwaka wa 19 sasa, ndiyo iliyosomesha wanangu watatu.

Miezi mitano iliyopita nilianza kusikia maumivu bega la kulia. Sikuanguka, sikubeba kitu kizito. Mwanzo yalikuja usiku tu: nikilalia upande huo nashtuka kama nimechomwa msumari. Nikadhani ni uchovu wa mbuzi ya nazi. Kidogo kidogo mkono ukaanza kugoma. Leo siwezi kuchana nywele zangu, mkono haufiki kisogoni. Sidiria nafungiwa na binti. Kwenye swala, nikipiga takbira, mkono wa kushoto unafika sikioni, wa kulia unaishia kifuani. Juzi nilinyoosha mkono kutoa bakuli kabatini nikapiga ukelele mpaka mjukuu wangu akalia.

Kwanza nilikwenda duka la dawa, nikapewa diklofenaki na dawa ya kupaka. Zilinituliza, nikawa narudi kununua. Mpaka leo nameza karibu kila siku, asubuhi moja na usiku moja. Halafu jirani akanipeleka kwa mzee mmoja mchuaji ambaye sifa zake zimeenea mtaa mzima. Alinipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, akanichua vizuri tu, kisha akaushika mkono akaupandisha juu kwa nguvu zake zote. Nikasikia ta! Akasema sasa umefunguka. Dada, usiku tatu sikulala, na mkono ukawa mgumu kuliko nilivyokwenda nao.

Ndipo mwanangu wa kwanza akanipeleka hospitali moja hapa mjini. Nikapigwa picha, mfupa mzima. Daktari akasema bega limeganda. Alitaja sindano ya begani, nikakataa kwa woga, akaniandikia niende chumba cha fiziotherapia. Nilimkuta kijana mpole wa maneno, ila mikono yake si mipole. Alinilaza akanivuta mkono nikalia machozi. Akasema nirudi mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Nilikwenda mara tatu nikaacha. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi, biashara inasimama, na nikifika nyumbani hata mwiko siushiki. Alinipa karatasi ya mazoezi ya nyumbani lakini ina michoro tu, sikuielewa, sijafanya hata moja.

Mume wangu anasema nirudi kwa mzee amalizie alichokianza. Wifi yangu anasema mazoezi ni ya wacheza mpira, mwanamke anayekanda unga kila siku anataka mazoezi gani tena? Na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mkwe wangu kuwa najidekeza nipate wa kunifanyia kazi. Yale maneno yaliniuma kuliko bega. Sasa mkono nimeufunga kwa kanga shingoni, naupumzisha.

Nina sukari, mwaka wa nane huu. Dawa nameza ila kupima sipimi mara kwa mara. Sijui kama inahusika, nimetaja tu.

Naomba unieleze: nirudi kwa kijana yule? Lazima nivutwe nilie ndiyo nipone? Au ndiyo mkono wangu umeshakwisha?

Mama Mahamri, Makorora

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, na pole ya usiku hasa, maana bega hili linajua kumtesa mtu wakati nyumba nzima imelala. Nilifanya kazi ya fiziotherapia miaka mingi kabla ya kustaafu, na wanawake wa umri wako waliokuja wameshikilia kiwiko kwa mkono wa pili siwezi kuwahesabu. Mkono wako haujakwisha. Nalisema hilo kwanza ili haya mengine uyasome umetulia.

Ulilolitaja mwishoni kama la kupita, la sukari, kwangu ndilo la mwanzo. Watu wanaopatwa na bega kuganda ni kama 2 hadi 5 katika kila 100. Kwa wenye kisukari idadi hiyo hupanda mara kadhaa, na bega lao huwa kaidi zaidi kupona. Sukari ikikaa juu kwa miaka hujishikiza kwenye zile nyuzi zinazojenga kano na mifuko ya viungo, nyuzi zikakakamaa. Hebu weka karatasi hii chini, kutanisha viganja vyako viwili mbele ya kifua, vidole kwa vidole, ubane. Je, vidole vinagusana vyote kuanzia shinani hadi nchani? Kama panabaki uwazi hata ukibana, basi vidole navyo vimeanza, na daktari wako wa sukari anapaswa kujua.

Sasa bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama chungwa la Muheza lililoegeshwa kwenye kisahani cha kikombe. Kisahani ni kidogo, kwa hiyo chungwa lina uhuru mkubwa wa kuzunguka, na kinacholizuia lisianguke ni mfuko mwembamba unaolizunguka pamoja na misuli. Mfuko huo kwa chini umelegea, una mikunjo, mfano wa kwapa la kanzu iliyokatwa kwa nafasi. Ukiinua mkono, mikunjo ile ndiyo inayofunguka. Katika ugonjwa wako mfuko umewaka kwa ndani, ukanenepa, ukasinyaa, na mikunjo ikashikana. Umevaa kanzu iliyobanwa kwapani. Ndiyo maana mkono hauendi hata akikuinulia mtu mwingine, na ndiyo maana picha ilionyesha mfupa mzima: mfuko hauonekani kwenye eksirei.

Daktari mmoja wa Boston, Ernest Codman, ndiye aliyelipa jina hilo la bega lililoganda, mwaka 1934. Wajapani wao wanaliita gojukata, maana yake bega la miaka 50, kwa jinsi linavyowapenda watu wa kati ya miaka 40 na 60, na wanawake kuliko wanaume. Msomee wifi yako sehemu hii. Mtu hawezi kujidekeza ugonjwa ambao nchi nzima ya mbali imeupa jina kwa umri wa wanaougua.

Huenda kwa vipindi vitatu. Kwanza maumivu, usiku zaidi, huku mkono ukianza kukaza. Kisha maumivu hupungua lakini mkono unabaki umefungwa. Mwishoni unaanza kuachia taratibu. Safari yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wengine hubaki na ugumu kidogo usiowazuia kazi. Sikufichi muda huo, kwa sababu kilichokupeleka huku na kule ni kutafuta atakayeufungua kwa siku moja. Wewe uko mwezi wa tano na bado unaamshwa usiku. Bado uko kwenye kipindi cha moto.

Na hapo ndipo jibu la machozi yako lilipo. Mwaka 2004 wataalamu wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 77 wa bega hili waliowafuatilia kwa miaka miwili. Kundi moja lilinyooshwa kwa nguvu, kupita mpaka wa maumivu. Kundi la pili lilielezwa ugonjwa wenyewe, likafundishwa kujongeza mkono hadi pale maumivu yanapoanza, basi. Baada ya miezi 24, waliorudi kwenye hali ya kawaida au iliyokaribia kawaida walikuwa asilimia 89 katika kundi la taratibu na asilimia 63 katika kundi la kuvutwa. Kwa hiyo hapana, mdogo wangu, hulazimiki kulia ili upone. Mfuko unaowaka ukiuvuta unazidi kuwaka.

Simlaumu yule kijana. Kuvuta kuna wakati wake, maumivu ya usiku yakishakwisha na kubaki ugumu mtupu, na huenda hukumweleza jinsi usiku wako ulivyo, kwa aibu yetu ya kunyamaza mbele ya mwenye koti jeupe. Rudi kwake. Mwambie hivi: "Bado naamshwa usiku, ulivyonivuta nilikaa siku nzima siwezi kushika mwiko, naomba twende polepole." Mwambie pia nauli inakushinda, akuone mara moja kila wiki mbili, kazi nyingine ukafanye nyumbani. Na akuonyeshe mazoezi kwa mwili wake, siyo kwa karatasi, mwanao arekodi kwa simu. Mtaalamu mzuri hatakasirika. Akikasirika, ulizia kitengo cha fiziotherapia Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, uanze upya.

Kwa yule mzee usirudi kwa ajili ya bega hili. Mafuta yake na kuchua kwake misuli ya shingo na mgongo havina ubaya, vinaweza hata kukuliwaza. Ubaya ni ule mkono mmoja wa nguvu. Hata hospitalini wakiamua kulifungua bega kwa kulipindua, mgonjwa hupewa dawa ya usingizi kwanza, na bado kuna hatari ya kuchanika kano au kuvunjika mfupa. Ile ta! uliyoisikia, kama tangu siku hiyo mkono umekosa nguvu, au kuna mahali pamevimba, mweleze daktari waziwazi. Usimfichie mtu.

Ile kanga ya shingoni ivue leo hii. Bega linaloganda ukilifunga unalisaidia kuganda. Lakini wifi yako naye hajui kwamba kukanda unga si dawa yake. Unapokanda, kusukuma na kukuna, mkono unakwenda njia moja tu, mbele ya tumbo, kiwiko kimekunjwa. Hauendi juu, hauendi nje, hauendi nyuma. Unaweza kukanda magunia na mfuko usifunguke hata unyuzi mmoja. Bega linataka zile njia lilizozisahau.

Mahali pa kuanzia ni meza yako ya unga. Chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue, liweke begani dakika kumi. Joto lipime kwa kiwiko cha kushoto kabla, kwa sababu sukari inaweza kupunguza hisia za ngozi ukaungua bila kujua. Kisha inama, egemea meza kwa mkono wa kushoto, uache wa kulia uning'inie kama kamba ya ndoo kisimani. Usiuinue wewe. Yumbisha kiwiliwili mbele na nyuma, mkono ufuate, halafu uchore duara la ukubwa wa sahani, mara kumi kulia na mara kumi kushoto. Zoezi hili nalo linabeba jina la Codman, na kwa anayeamshwa usiku sijaona la upole kulishinda.

Ukimaliza, kaa kwenye kiti, weka viganja vyote viwili juu ya kitambaa mezani, uvisukume mbele kama unafuta meza, kiwiliwili kikifuata. Pale bega litakaposema basi, tulia hapo hapo, hesabu hadi 20 huku unapumua, rudi. Mara tano.

La tatu ndilo watu wanalolikimbia na ndilo muhimu. Chukua mpini wa ufagio, ushike kwa mikono miwili mbele ya kitovu, viwiko vimegandana na mbavu. Kwenye kwapa la kulia bana kitambaa ulichokikunja ili kiwiko kisitoroke. Sasa mkono wa kushoto usukume mpini taratibu kuelekea kulia, mkono mgonjwa ufunguke nje kama mlango. Mwendo huu wa kufunguka nje ndio unaobanwa kuliko yote, na bila huo mkono hautafika kisogoni. Hesabu hadi 20, mara tano.

Mwisho simama mbele ya ukuta, pandisha vidole mmoja mmoja kama buibui, uviteremshe vivyo hivyo.

Yote hayo hayazidi dakika kumi na tano. Fanya baada ya swala ya alfajiri, baada ya adhuhuri, na kabla ya kulala. Kila siku. Kipimo chako ni hiki: maumivu yakitulia ndani ya nusu saa, umekwenda sawa. Yakikuamsha usiku kuliko jana, umezidisha, kesho punguza nusu, ila usiache. Lile la kuvuta kanga nyuma ya mgongo, alilokuchorea pengine kwenye karatasi, liache kwanza mpaka usiku wako utulie. Na kama binti yako anaweza kukusindikiza Raskazone maji yakiwa yamejaa na kutulia, simama hadi maji yafike mabegani uache mkono uelee. Vaa viatu vya majini, mwenye sukari hakanyagi bahari pekupeku.

Usiku lala chali, mto mdogo chini ya kiwiko cha kulia. Ukitaka ubavu, lalia wa kushoto huku umekumbatia mto. Gauni livae kuanzia mkono mgonjwa, ulivue kumalizia mkono mgonjwa. Mabakuli yashuke yakae usawa wa kifua. Takbira pandisha mkono hadi unapofika, na ukiwa na wasiwasi muulize ustadhi wako, atakutuliza.

Diklofenaki ya kila siku inanitia hofu kuliko bega. Dawa hiyo ikimezwa mfululizo inaweza kutoboa vidonda tumboni, kupandisha presha na kuumiza figo, na figo za mwenye sukari ya miaka minane tayari zinahitaji kulindwa. Nenda kwa daktari na pakiti mkononi, mwambie umeimeza kwa muda gani, apime figo na presha, akupangie dawa nyingine. Dawa za sukari endelea kuzimeza kama ulivyoandikiwa, usizibadilishe.

Ile sindano uliyoiogopa si ya kuogopwa sana. Katika kipindi hiki cha maumivu hupunguza moto wa ndani ya mfuko, ukapata usingizi na ukaweza kufanya mazoezi. Tatizo lake kwako ni moja: hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Kwa hiyo sukari iwekwe sawa kwanza, na ukichomwa upime kila siku. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 503: baadhi walipata fiziotherapia pamoja na sindano, baadhi walipinduliwa bega wakiwa usingizini, baadhi walifanyiwa upasuaji. Baada ya mwaka mmoja hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali. Njia unayoiweza wewe, ya meza ya unga na mpini wa ufagio, si ya wanyonge.

Usingoje mazoezi ukiona haya: homa pamoja na bega jekundu lililovimba, ganzi inayoshuka mkononi, uvimbe kwenye titi au kwapani, kukonda bila sababu. Na maumivu ya bega au mkono yakija na kubanwa kifua, jasho na pumzi fupi, hilo ni suala la moyo, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Mume wako mchukue mtakaporudi kwa kijana yule. Akae ndani, aone, aulize mwenyewe. Wanaume wengi waliokuja wamenuna niliwaona wakitoka wameshika mpini wa ufagio. Wifi yako mwite siku moja mkiwa wawili, mpe mkono wako, mwambie auinue yeye huku wewe umeulegeza. Utagoma mikononi mwake, na atajua. Kisha mbele yake mwombe mkwe wako mambo mawili tu, kukuna nazi na kuteremsha sufuria, kwa miezi mitatu. Ukiomba kwa mdomo wako mwenyewe, na kwa muda unaojulikana, hakuna atakayekutafsiria.

Jumatatu, kabla hujanywa chai, kapime sukari, na uombe pia kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Ukirudi, simama pale ukutani, pandisha vidole hadi vitakapokwama, mjukuu wako akuwekee alama ya mkaa na tarehe pembeni yake. Baada ya wiki nne weka nyingine, unitumie picha ya ukuta.